Kompyuta za Kilburn

Wanaosema Kiswahili katika ofisi ile walikuwa wawili tu: Harith wa Pemba, na mkuu wake wa kazi, Usha, mzaliwa wa Kisumu. Ilikuwa mwaka 2004, na shirika lao lilipeleka wahudumu kwa wazee majumbani, London nzima. Kila kompyuta ina namba yake kwenye mtandao; Harith alipewa kazi ya kuweka mipaka ya namba za kila tawi, ili seva, kompyuta kuu ya ofisi, ijue zipi za kupelekewa kinga ya virusi.

"Weka range," Usha alimwambia. "Namba ya kwanza mpaka ya mwisho, kwisha. Tawi la Kilburn wameongeza kompyuta, subnet yao, fungu lao la namba, si ile ya zamani."

"Bi Usha nawe! Namba za matawi yote hayo n'tamaliza lini kuzitafuta? Subnet naandika mstari mmoja, imebeba tawi zima."

"Basi uliza Kilburn kwanza. Piga simu."

"Nshapiga."

Hakupiga. Alikuwa na cheti kipya, na kichwa kimemvimba kwa cheti hicho. Usha akaitia saini fomu ya Harith bila kuisoma, kama alivyozoea. Watu wa nyumbani hatukaguani, ndivyo walivyokuwa wakitaniana.

Kumbe nusu ya kompyuta za Kilburn zilikuwa na namba mpya, nje ya mpaka alioandika Harith. Kinga haikuzifikia. Wiki tatu baadaye virusi vikaingia, orodha ya zamu ikafutika, na bibi mmoja asiyejiweza miguu akakaa kitini tangu asubuhi hadi magharibi, akingoja mtu wa kumnyanyua.

Meneja akawaita wote wawili, fomu mkononi. Nani alihakikisha namba za Kilburn? Harith akatazama viatu vyake. Alitaka kusema, wallahi alitaka, lakini mkataba wake ulikuwa bado wa majaribio.

"Saini ni yangu," Usha akasema.

Akaachishwa kazi. Ijumaa akaondoka na kikombe chake na sweta lililokuwa likining'inia nyuma ya kiti. Harith alimshikia mlango. Hilo ndilo alilomfanyia.

Ilimchukua miaka mitatu kwenda nyumbani kwa Usha, Queensbury, kumwomba radhi. Usha alimfungulia mwenyewe, akamkalisha jikoni, akachemsha chai ya tangawizi. Harith akayatoa yote, machozi yakimlenga: hakupiga simu, alidanganya, kisha akanyamaza.

"Najua," Usha akasema. "Siku ile ya virusi niliwapigia Kilburn. Wakasema hakuna mtu aliwauliza kitu."

"Ulijua? Na mbele ya meneja hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja useme wewe." Akamsogezea kikombe. "Nilingoja mpaka Ijumaa, Harith. Hata pale mlangoni, nilikuwa bado nangoja."