Masale Chini ya Meza ya Afande

Wewe ukitaka kiwanja Bwera, utamuuliza nani kama si Edisa? Miaka kumi na tisa amekaa kwenye benchi lake karibu na soko, na kila mpaka anaujua kwa miguu. Anavua kandambili, anatembea, na pale anapokanyaga mpaka wa kweli huota masale, yale majani marefu tunayopanda kutenganisha shamba na shamba. Huota hadi magotini, basi. Watu wa Bwera wanamlalamikia jambo moja tu, kwamba anatembea polepole mno.

Mwaka huu ikaja habari kwamba dalali wa viwanja asiye na leseni atafukuzwa sokoni. Edisa akapiga pasi gomesi yake ya buluu, akafunga picha mbili na barua ya mwenyekiti wa kijiji kwenye mfuko wa plastiki, akaenda Kasese.

Getini pa ofisi ya leseni alikaa bibi mmoja, Kellen, anauza mahindi ya kuchemsha. Alikuwa hapo tangu ofisi ijengwe, miaka kumi na moja. Kila asubuhi mkubwa wa ofisi akipita, Kellen huinuka, hufungua mdomo, na mkubwa husema, "Kesho, mama." Kellen hukaa.

Mkubwa huyo ni Ssali, mwanajeshi wa zamani, na mpaka leo watu humwita afande. Edisa alijibu maswali yake yote vizuri. Ikabaki kutembea mpaka wa kiwanja kimoja, wamwone anavyofanya kazi. Ilipaswa waende Mubuku, lakini jua lilikuwa kali.

"Tembea hii yetu," Ssali akasema, akimenya hindi alilonunua getini. "Zunguka ukuta, rudi, chukua leseni."

Edisa akavua kandambili. Akaanza kandokando ya ukuta, hakikuota kitu. Nyuma ya choo mguu ukakata kushoto. Sale la kwanza likaota hapo, la pili kwenye ngazi, la tatu likapasua sementi ya mlangoni. Pretty, karani, alimfuata na daftari akihesabu.

"Mama, ukuta iko huku," Ssali akasema.

"Ukuta ninaiona, afande. Mupaka ndiyo iko hapa."

"Leseni unataka ama hutaki?"

"Ninataka sana. Sokoni watanifukuza."

Akanyanyua mguu aurudishe ukutani. Mguu ukashuka palepale. Sale la nane likaota chini ya meza ya Ssali, likainua droo, chai ikamwagika kidogo.

Pretty akaifuta. "Afande, ofisi karibu yote iko kwa jirani. Meza yako pia."

"Jirani nani?"

Edisa akaendelea, na masale yakatoka kwa dirisha, yakashuka uani, yakaishia kwenye sufuria ya Kellen.

Fomu ilitaka jirani atie kidole, kwa hiyo Kellen akaitwa. Akapangusa mikono, akatia kidole. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika nani anarudishiwa nini, basi hakuna aliyeandika. Edisa akagongewa muhuri: dalali halali wa wilaya nzima, isipokuwa kiwanja hiki. Meza ikabaki ilipokuwa. Pretty akaleta birika, akamwagilia masale, maana kung'oa sale la mpaka ni kosa, na wao ni ofisi ya serikali.

"Imeisha, mama," Ssali akamwambia Kellen, akauma hindi.

Kellen hakuondoka. Alifungua mdomo kama kila asubuhi. Ssali akataka kusema kesho, lakini mahindi yalikuwa yamemjaa mdomoni, na hayakuwa yameiva sana.

"Hapo unakaa, afande," Kellen akasema, "ndiyo ilikuwa jiko yangu. Sikuwa na maneno mingi. Nilitaka kusema hiyo tu."