Mkeka wa Bi Utabiri

Siku tuliyomzika mama, kimbunga kilikuwa kimeshapita na jua liliwaka kama halina habari. Mama alikuwa bado katika eda ya baba. Redio ilitangaza mapema kwamba huenda kimbunga kikapiga pwani yetu, nami nikamsihi twende bara kwa mjomba. Wanawake wa mtaani wakamcheka: nani huyo anayetoka eda kwa sababu ya huenda? Akabaki, na ukuta ukamwangukia. Baada ya maziko nilijitupa kitandani na hasira zangu, viatu sijavua.

Nikajiona katika nchi isiyo na paa hata moja. Mwanamke aitwaye Tahadhari, sauti imemkauka kwa kuita, akanishika mkono tukaenda. Barazani alikaa Kejeli na wenzake, wakitafuna kashata na kuwauliza wapita njia, "Mwaka juzi si mlikimbia, mkarudi mkakuta hata majivu ya jikoni hayajalowa?" Mbele yao palikuwa na kiti kikubwa kitupu. Walikuwa wakimngoja Hakika, na bila yeye hawainuki. Tahadhari akaniambia kwamba Hakika hufika pamoja na maji, hajapata kuyatangulia.

Mwisho wa njia tulimkuta Bi Utabiri akisuka mkeka. Mawingu yalimletea habari, bahari ikamletea joto lake, naye akayasuka yote pamoja. Magotini pake mkeka ulikuwa mwembamba, ila kila ulipokwenda mbele ulizidi kupanuka, hata ukafunika vijiji na vijiji. Nikamfokea kwamba mama amekufa kwa sababu yeye hakutaja kijiji wala saa.

Hakuinua uso. "Kimbunga kikipinda kidogo leo, keshokutwa kimehama wilaya nzima. Kitapinda wapi, mwanangu, sijui, na sitakudanganya kwamba najua. Ndiyo maana nimeupanua. Mama yako alikuwa juu ya mkeka huu. Nani alimwambia akae mpaka nimwite kwa jina?"

Nikageuka kumtazama Kejeli. Uso wake ulikuwa wa jirani yetu Bi Mwanshamba, aliyekuja matangani na sinia la wali, akalia kuliko sisi.

Nikaamka. Eda haimkatazi mtu kuokoa roho yake. Shehe alilisema hilo makaburini, tukiwa tumeshafukia.

Leo redio imesema tena huenda. Shangazi Zuhena yumo katika eda, na Bi Mwanshamba ameshaanza kucheka. Nimemfungia shangazi mizigo yake. Tunaondoka kabla ya adhuhuri.