Mkono wa Jemadari Kwenye Singa

Dada yangu alianza kumwonea wivu farasi akiwa bado bibi arusi, na akazeeka na wivu huo, hata farasi mwenyewe alipokuwa keshakufa. Watu wakisikia hucheka. Haya, chekeni, lakini nisikilizeni kwanza.

Mumewe alikuwa Jemadari wa mfalme. Alimtumikia mfalme mzee, halafu akamtumikia mwanawe. Ndiye aliyelishika daraja siku ya vita vya mtoni mpaka msafara wa mfalme ukavuka wote, naye akavuka wa mwisho, juu ya farasi wake. Ndiye aliyeweka amri kwamba farasi wale kabla ya askari, na askari wale kabla ya maofisa, na mpaka leo kambini wanakula kwa mpango huo. Watoto shuleni wanafundishwa habari zake. Mimi nilimjua kama shemeji aliyependa chai ya moto na kulala na soksi.

Sasa kulikuwa na sheria moja ya jeshi la mfalme. Aliyevaa gwanda, mwili wake ni wa mfalme: hagusi mtu wala haguswi, hata mkewe. Salamu yake ni upanga. Kila asubuhi dada alisimama mlangoni akimtazama anafunga vifungo, na kifungo cha juu kikishafungwa, basi. Akiona uzi begani anabaki kunyoosha kidole: "Bega la kushoto, baba. Hapo. Panda juu kidogo." Uzi wenyewe hawezi kuutoa.

Lakini sheria ilisema mtu. Haikusema farasi.

Farasi alikuwa jike, rangi ya asali, na jina lake ndilo hilo, Asali. Siku za gwaride dada alikaa jukwaani na wake wa wakubwa, shingo imenyooka, macho hayako kwa mfalme. Yako kwenye mkono wa kulia wa mumewe, uliolala kwenye singa, yale manywele marefu ya shingoni mwa farasi. Haukutoka pale tangu tarumbeta ya kwanza mpaka ya mwisho; hata salamu ya upanga aliitoa kwa mkono wa kushoto. Jioni gwanda linarudi kufuliwa, mabegani mate ya farasi, mikononi nywele za rangi ya asali. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha dada yangu alikuwa anakitoa kimoja kimoja, kwa kucha.

"Mwanamke mwenzangu ningemfuata kwake tukamalizana," aliniambia. "Huyu nitamwambia nini? Anatafuna tu."

Na Asali alipokufa, Jemadari aliomba kustaafu mwaka uleule. Hakupanda farasi mwingine. Mji mzima ukasema, jamani, mapenzi gani haya. Dada wiki nzima alipakua chakula bila kumtazama mumewe. Chumvi kwenye chakula nayo ikakosekana.

Basi Jemadari naye akafariki, na ikulu ikaamua asimamishiwe sanamu ya shaba mbele ya lango la kambi. Kazi ikapewa fundi mmoja wa kike, binti mwenye mikono ya mwanamume na sauti ya mtoto. Karakana yake ilikuwa nyuma ya ghala la mbao, paa refu, dirisha moja juu kabisa. Kwanza hujenga sanamu kwa udongo, anaifunika matambara mabichi isikauke, ndipo baadaye inasubiwa, yaani inamiminwa kwa shaba iliyoyeyushwa. Na katika ufundi wao kuna desturi: udongo haupelekwi kwenye tanuri mpaka mfiwa auridhie, na akiridhia hubonyeza kidole gumba kwenye udongo wenyewe, popote apendapo. Bila gumba, hakuna shaba.

Gumba lilikuwa la dada yangu. Tukaenda, mimi nimembebea mkoba.

Tuliyemkuta pale ni Mzee Hatamu, mtunza farasi wa Jemadari tangu ujana wao. Fundi alikuwa amemwita amweleze masikio ya farasi. Amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kofia mapajani.

"Karibu, shemeji," akasema.

"Ushemeji umetoka wapi? Ulimwoa nani kwetu?"

"Mimi na Jemadari tulikuwa ndugu."

"Ndugu mnafanana kwa nini, harufu?"

Fundi akaona bora aanze kazi. Akaondoa matambara, moja baada ya jingine, kama mtu anayemvua mtoto nguo zilizolowa. Na shemeji yangu akatokea. Uso wake ule ule, hata ile nyusi moja iliyopanda. Mimi machozi yalinitoka. Dada yangu hakulia. Jemadari alikuwa juu ya Asali, na mkono wa kulia umelala kwenye singa.

"Mshushe," dada akasema.

"Bibi?"

"Mshushe chini. Asimame kwa miguu yake. Mume wangu alikuwa na miguu, niliiona."

"Bibi, ikulu walitaka awe juu ya farasi..."

"Basi ikulu ije ibonyeze gumba."

Mzee Hatamu akainuka kwenye ndoo. "Huwezi kumshusha! Watu watamjuaje? Jemadari bila Asali ni nani?"

"Ni mume wangu!"

"Jukwaani ulikuwa unamwona mumeo kwa mbali. Mimi ndiye niliyemshikia farasi akipanda na kushuka kila siku ya Mungu. Yale aliyokuwa nayo nayajua yote. Na Asali nilimlisha mimi, nilimsugua mimi, nililala naye zizini alipougua. Akinisikia nakuja, hata sikio halipindui. Akisikia kiatu cha Jemadari, zizi zima linajua." Akaikunja kofia. "Usifikiri ni wewe peke yako uliyekaa nje ya mlango."

Sikujua nitazame wapi. Nikatazama udongo. Wazee wawili, mmoja anamwonea farasi wivu kwa ajili ya mtu, mwingine anamwonea mtu wivu kwa ajili ya farasi, na wenyewe wapendanao wote wawili wako kaburini.

Ungedhani dada angelainika. Wapi. Akasogea mpaka chini ya ule mkono, akaukazia macho.

"Tena umeukosea," akamwambia fundi. "Mkono umetulia kama wa kinyozi. Wa mume wangu ulikuwa unatetemeka, nani asiyejua?"

Fundi akaacha kukausha mikono. "Unatetemeka?"

"Tangu vita vya mtoni."

"Haukutetemeka," akasema Mzee Hatamu.

"We mzee, nilikaa nao meza moja! Akifika nyumbani, akifungua kifungo cha mwisho, unaanza, kama ulikuwa unangoja ruhusa. Kikombe kinagonga sahani mpaka chai inamwagika. Nilikuwa namshikia, mikono miwili, hivi, mpaka atulie. Kila jioni. Hatukuwahi kulisema. Nilidhani na nyinyi kambini mnauona, mnamstahi tu."

"Haukutetemeka," mzee akarudia, safari hii polepole. "Ningeuona."

Ukutani fundi alikuwa amebandika picha za Jemadari, za magazeti na za kambini, ili azitazame akifanya kazi. Akaziendea. Picha ya gwaride. Picha ya kumpokea mgeni wa mfalme. Picha ya mvua, askari wote wamejifunika, yeye amelowa. Katika kila moja mkono wa kulia umezama kwenye singa mpaka kifundoni.

"Mimi nilifikiri anambembeleza," fundi akasema.

"Alikuwa ameushikiza pale usitetemeke," nikasema mimi.

Mzee Hatamu akakaa tena kwenye ndoo, lakini kama mtu aliyesukumwa. "Ndiyo maana alistaafu," akasema. "Asali alipokufa. Nilimletea farasi mwingine, mzuri kabisa, singa zimenyolewa kama walivyopenda vijana. Akamtazama tu, akaniambia, hapana, imetosha." Akazitazama tena zile picha. "Miaka yote ile. Hakuniambia."

Nilimwona dada yangu akibadilika. Si huruma iliyomwingia, nisiwadanganye. Alinyoosha shingo kama enzi za jukwaani. Farasi alipewa mkono uliofichwa. Mkono wenyewe, na kutetemeka kwake, alipewa yeye. Na alikuwa nao mezani jioni zote zile, huku akihesabu nywele za farasi!

"Nimshushe, bibi?" fundi akauliza.

"Muache hapo hapo alipo. Ila huo mkono uzamishe zaidi. Vidole visionekane hata kimoja."

Fundi akalowesha udongo, akavuta singa moja moja juu ya vidole mpaka vikafunikwa. Dada akapanda kwenye kigoda, nimemshika kiuno, akaingiza mkono chini ya zile singa za udongo, kule ndani kusikofikiwa na jicho, akabonyeza gumba lake. Akakaa kidogo kabla ya kuutoa.

Tukawa tunaondoka. Mzee Hatamu akatufuata mpaka mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji. Ulikuwa unatetemekaje? Kwa nguvu, au kidogo kidogo? Nionyeshe tu."

Dada akafunga kitambaa chake kichwani, akakaza fundo.

"Kamuulize farasi wako," akasema.

Siku sanamu ilipofunuliwa langoni, tarumbeta zilipigwa na mfalme mwenyewe akatoa salamu kwa upanga. Dada alikaa mbele, mikono ameiweka mapajani. Kila mtu alikuwa amenyanyua uso kumtazama Jemadari anavyong'aa juu ya Asali. Isipokuwa Mzee Hatamu. Yeye hakunyanyua uso hata mara moja. Alikuwa anaitazama mikono ya dada yangu.