Vidole Viwili Juu ya Nondo

Kiu ya mgonjwa wa figo si kiu yako wewe uliyetoka juani, ukapiga glasi mbili za maji na kushusha pumzi. Ile haishuki. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa nayo tangu figo zake zilipogoma. Kila asubuhi mdogo wake, mshonaji, alimpimia maji ya siku nzima kwenye kichupa, akakifunga na kumkabidhi.

"Kaka, hii ndiyo siku yako. Ukiimaliza mapema, shauri yako."

Aliimaliza mapema. Baada ya hapo kulikuwa na bomba la chooni, ambalo halina wa kulilinda wala wa kulipimia.

Mshonaji alikuwa amejitolea kumpa kaka yake figo moja. Damu zao zilipimwa zikapatana, na kilichobaki ni moyo. Daktari aliwaeleza wote wawili bila kuzungusha maneno. Figo zikifa, maji hayana pa kutokea, yanarundikana mwilini, na moyo unayasukuma bila kupumzika mpaka unatanuka na kuchoka. Mtu mwenye moyo wa namna hiyo hapasuliwi, maana hataamka. Lakini maji yakitolewa vizuri na mashine, na yeye mwenyewe akajizuia kunywa, moyo mara nyingi hujirudi. Wangempiga picha nyingine ya moyo. Wakiona umejirudi, mdogo mtu angelazwa kitanda hiki na kaka mtu kitanda kile.

Kwenye chumba cha kusafishia damu, kila mgonjwa hupanda mizani kabla ya kuunganishwa na mashine. Nesi analinganisha uzito huo na ule anaopaswa kuwa nao akiwa hana maji ya ziada, kisha kinachozidi ndicho anachoiamuru mashine ikitoe. Siku moja ya mwanzoni, nesi alisoma namba, akamgeukia mshonaji.

"Dada, huyu mtu wako anakunywa au anaoga kwa ndani?"

Chumba kizima kilicheka. Mshonaji hakucheka. Alisubiri mpaka walipokuwa peke yao, kaka yake kitandani na yeye kwenye kiti chake pembeni, pindo la gauni la mteja likiwa mapajani.

"Mume wangu anasema nakwenda kukatwa mwili wangu nimpe mtu asiyejihurumia. Nimjibu nini, kaka?"

Kaka mtu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Aliogopa pia, kwa sababu alisikia katika sauti ile kitu kinachoanza kulegea.

Sasa mweke mwizi wa mizani mbele ya mizani, uone. Miaka yote uani kwake alinunua vyuma kwa kilo, na kilo zake zilikuwa na mambo. Muuzaji akileta mzigo, yeye ndiye wa kwanza kuinama kumsaidia kuupandisha, mkarimu kweli kweli, huku goti lake likiingia chini ya ukingo wa sahani ya mizani na kuunyanyua kidogo tu. Muuzaji anaondoka akisema ahsante. Mtaa mzima ulinong'ona. Mshonaji peke yake alimpigania. Aliwahi kumfokea mumewe mbele ya wageni: "Kaka yangu ana mdomo mchafu, sikatai. Lakini mkono wake ni msafi!"

Kando ya mizani ya hospitali kulikuwa na nondo nene iliyofungwa ukutani, ya kushikilia wagonjwa wanaoyumba. Mnunuzi wa vyuma aliitazama mara moja tu. Safari iliyofuata aliyumba kidogo, akaweka vidole viwili juu ya nondo na kukandamiza taratibu, namba ikashuka.

"Haya!" nesi alisema. "Sasa umekuwa mtu mzima."

Mshonaji alitabasamu huku machozi yakimtoka. Walipotoka alimshika kaka yake mkono barabarani, kama walivyokuwa wakitembea utotoni, na akampigia mumewe simu palepale kumsimulia.

Ubaya ni kwamba maji aliyoyaficha hayakutolewa. Alirudi nayo nyumbani, akaongeza mengine, na safari iliyofuata ikambidi afiche ya zamani na mapya kwa pamoja. Vidole viwili vikawa vinne, kisha kiganja kizima. Viatu vikambana, akalegeza kamba na kushusha suruali izifunike. Akashindwa kulala chali, akawa analala ameketi, mito imepangwa mgongoni, akimwambia mdogo wake kwamba ni mafua tu. Kifuani alisikia moyo ukihangaika, lakini kila alipopanda mizani alisifiwa, na sifa zile alizihitaji kuliko pumzi.

Siku ya picha ikafika. Alilazwa ubavu, akapakwa ute wa baridi kifuani, akauona moyo wake kwenye kioo ukifunguka na kujifunga kwa uvivu. Mpiga picha akapeleka majibu kwa daktari. Daktari akawaita.

"Haujarudi," alisema. "Umezidi kutanuka."

"Lakini uzito wake uko sawa!" Mshonaji alisimama. "Kila safari uko sawa, muulize nesi!"

"Hicho ndicho kinachonikatisha tamaa, dada. Ningejua amebeba maji, ningesema tuyatoe, tusubiri. Lakini maji tumeyatoa yote na moyo bado unashuka. Maana yake misuli yenyewe ndiyo imekwisha. Siwezi kumpasua akanifia mezani, wala siwezi kukupasua wewe bure. Hili la figo tulifunge leo."

"Daktari, nimeshawaaga wateja wangu. Nimegombana na mume wangu. Mpige picha tena, nakuomba. Mpige tena!"

Alimshika daktari mkono wa koti kwa mikono miwili. Kaka yake alikaa pale, mdomo mkavu kama unga, akipiga hesabu, na hesabu ikagoma pande zote. Akinyamaza, atakufa na heshima yake, mdogo wake amlilie kaka mwenye mkono msafi. Akisema, huenda moyo ukapona, lakini hiyo figo ataiomba kwa uso gani? Alitamani kufa hapohapo ili asichague. Halafu akamtazama mdogo wake, bado amening'inia kwenye koti la mtu, akimwombea.

"Twendeni kwenye mizani," alisema.

Alivua viatu, akapanda, akaweka kiganja juu ya nondo kama kawaida.

"Si mnaona?" nesi alisema. "Uko palepale."

Akaondoa mkono. Namba zikapanda, zikaendelea kupanda, na zilipotulia nesi alikuwa ameacha mdomo wazi. Daktari alichuchumaa, akapandisha suruali, akabonyeza muundi kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

"Maji!" alisema, kwa hasira iliyochanganyika na furaha. "Mzee, yote haya ni maji! Moyo huu huenda haujafa. Umeuzamisha."

Mshonaji hakuangalia namba. Aliangalia mkono.

"Na uani?" aliuliza.

"Mdogo wangu..."

"Nakuuliza kaka. Watu waliokuja na mabati yao, na sufuria zao zilizotoboka. Na wao?"

Alitazama miguu yake iliyovimba.

"Na wao," alisema.

Daktari hakujua wanazungumza nini. Alikuwa ameshaanza kupanga: maji yatolewe polepole kwa safari nyingi, yatamuumiza, mwisho picha irudiwe. Akamgeukia mshonaji.

"Moyo ukijirudi, dada, bado uko tayari kumpa?"

"Muulize yeye," mshonaji alisema. "Yeye ndiye mpimaji."

Akachukua mkoba wake na kutoka.

Alasiri ile mashine ilianza kuvuta. Misuli ya miguu ilimkaza mpaka akauma shuka, na kiu ilimjia kwa nguvu ambazo hakuwahi kuzijua. Kwenye kiti cha pembeni mdogo wake alikuwa amesahau kichupa cha maji ya siku ile, kimejaa, hakijafunguliwa. Nesi alimwona anakitazama, akamwambia akitaka achukue funda moja, si dhambi.

Alitikisa kichwa. Kisha mlango ukafunguka nyuma yake, akageuka haraka hata mirija ikavutika.

Alikuwa mfagizi. Aliinua kichupa, akafuta kiti, akauliza kama kuna mtu anayekikalia.

"Yupo," mnunuzi wa vyuma alisema. "Kiache hapohapo."