Trai ya Wakana

Misuzu alifungua friji kutafuta tofu, akakuta kiatu cha raga kimelala kando yake, matope yameganda kwenye njumu.

"Dada Wakana! Leo tunakunywa supu ya kiatu?"

Wakana alicheka, akakitoa kama mtu aliyekiweka makusudi. Hakukumbuka kukiweka.

Waliishi chumba kimoja huko Kumagaya, na wote wawili walicheza nafasi moja, katikati ya safu ya mbele ya skramu, pale timu mbili zinaposukumana vichwa chini. Wakana alivaa jezi ya taifa tangu Misuzu akiwa shuleni. Misuzu alikuwa akiba wake. Msimu uliopita, Wakana alijitupa juu ya mstari akiwa na wapinzani wawili mgongoni, akaugandamiza mpira chini na kufunga trai iliyowapeleka Wajapani Kombe la Dunia. Picha yake ilibandikwa kituo cha treni cha kwao Tsugaru. Lakini mwenyewe aliijua trai ile kwa kuitazama kwenye video tu. Muda mfupi kabla yake goti la mtu lilimgonga kichwani, na kuanzia hapo akili yake ilikuwa giza tupu. Alimeza siri yake. Ujana wake wote ulikuwa umekwenda kwenye kona ya uwanja, wasichana wakingoja wavulana wamalize mazoezi. Angewezaje kuukosa mlango ulipofunguka?

Katika kipimo cha kumbukumbu, daktari wa timu alimtajia maneno ayarudie. Aliyarudia barabara.

"Daktari, mpe mengine," Misuzu alisema kutoka mlangoni. "Hayo ameyakariri."

"Nyamaza, we mtoto!"

"Sinyamazi, Dada. Utakufa."

Daktari alibadilisha maneno. Wakana aliambulia moja, "mwavuli," kisha akatazama dirishani kama anayetafuta mengine huko nje.

Daktari alimzuia kucheza tena, na jioni alifungasha. "Kama uliitaka jezi yangu, ungesema," alimwambia Misuzu, ambaye alikuwa akilia bila sauti. "Haya, vaa. Mimi nimekwisha."

Alirudi shambani kwa wazazi wake, kwenye matufaa. Maumivu ya kichwa yalimfuata hadi juu ya ngazi ya kuchumia. Majirani nao hawakumwacha apumue.

"Bingwa, hebu tuhadithie ile trai!" Bibi Narita alimwambia kila walipokutana. Naye alihadithia, kama mtu anayesimulia harusi ambayo hakualikwa.

Siku Wajapani walipocheza Kombe la Dunia huko New Zealand, majirani walijaa sebuleni. Misuzu alikuwa na jezi ya Wakana. Kipindi cha pili alimkaba mpinzani, kichwa chake kikakutana na nyonga yake, akabaki chini. Alipoinuka, alitembea hatua kadhaa kuelekea upande usio wake. Kabla daktari hajavuka mstari, akamwinulia kidole gumba.

Sebule ikalipuka kwa makofi. "Huyo ndiye mwanamke!" alipaza sauti Bibi Narita.

"Mtoeni!" Wakana alisimama mbele ya televisheni. "Jamani, mtoeni!"

"Wakana," mama yake alimnong'oneza, "wageni."

Aliketi. Misuzu aliingiza kichwa kwenye skramu. Walifungwa, na majirani wakaaga wakisema hata hivyo wasichana wamejitahidi.

Jioni Wakana alimpigia Misuzu simu.

"Dada!" Sauti ya Misuzu ilikuwa nyepesi mno. "Umeona tulivyochapwa?"

"Umeumia."

"Kidogo tu."

"Mwambie daktari."

Misuzu akasema taratibu, "Imebaki mechi moja."

"Nikimwambia mimi?"

"Kweli utamwambia?" Sauti ilikatika, ikarudi ikiwa ya mtoto. "Dada, wewe unajua inavyouma kuivua jezi."

Wakana alijua. Hakuna alichokijua zaidi ya hicho. Alikuta hasira yake ya miezi yote imekwisha, na mahali pake hapana kitu.

Mama yake alichungulia kutoka jikoni, mikono ikichuruzika maji.

"Ni yule mwenzako? Hajambo?"

Wakana alibaki na simu sikioni. Upande wa pili, Misuzu alikuwa amezuia pumzi, akisikiliza atakavyojibu.