Salamu za Kisu cha Adano

Asubuhi ile Gumato alikuwa ameketi mbele ya duka la Mohdhar pale Garsen, kibuyu cha samli magotini, akimtazama Mohdhar anavyokifungua na kukifunga kisu cha kukunja. Mpini wake ulikuwa mwekundu kama peremende. Kilitoka Ulaya.

"Hichi, bibi, hata ukikisahau ndani ya uji hakishiki kutu," alisema Mohdhar, mtu wa Kipini mwenye maneno laini. "Kijana wako akienda nacho malishoni, wenziwe watamwonea wivu."

"Baba yake alikuwa nacho kama hicho."

"Enhe! Si unaona?"

"Alikufa nacho mkononi. Kamba ya ndama ilimzonga mguu majini, na matope yalikuwa yameingia pale kinapokunjwa. Kikakataa kufunguka."

Mohdhar alikirudisha kisu kwenye kijisanduku, akasema Mungu amrehemu, kisha akauliza kama ile samli inauzwa.

Haikuwa ya kuuzwa. Gumato aliinuka akashika njia ya mwisho wa mji, pale nyumba zinapokwisha na moshi wa Adano unapoanza.

Adano alikuwa mhunzi. Waorma wenzake humwita mtu wa namna hiyo tumtu, na kwa tumtu huoi wala huozi. Chuma chake hukipokei mkononi mwake. Yeye hukilaza chini, nawe ukaokota. Na salamu yake haijibiwi. Hili la mwisho liliwasumbua wazee, maana wao ni Waislamu, na Assalamu alaykum ni lazima ijibiwe. Basi wakalitengeneza hivi: walimwomba Adano, kwa upole kabisa, asiwe akiisema. Aseme nagaa tu, amani ya Kiorma, ambayo mtu anaweza kuipita kama anavyolipita jiwe. Adano alikubali, na kila mtu akawa amejiepusha na dhambi.

"Nagaa, mama Galma," alisema Adano.

Gumato aliitazama mivukuto, akaiambia hiyo mivukuto: "Kijana anahamia fora na ng'ombe. Anataka cha kukunja. Kisu kirefu kinaleta maneno na askari wa kivukoni, siku hizi za Emajensi."

Adano alikuwa nacho. Chuma chake kilitoka kwenye springi ya lori lililokufa njia ya Tarasaa, mpini ni pembe ya fahali. Alikizamisha kwenye ndoo ya matope, akakikoroga humo, akakitoa kinachuruzika. Kikafunguka kwa kidole kimoja. Akakifuta, akakilaza juu ya ngozi chini. Gumato naye akaweka kibuyu chini, akaokota kisu, akaenda zake.

Nyumbani Galma alikifungua, nacho kisu kikasema kwa sauti ya Adano: "Assalamu alaykum."

Galma alikifunga. Akakifungua tena.

"Assalamu alaykum."

"Mama, kinasalimu."

"Nasikia."

"Niitikie?"

Mwenye mtoto na apatazame vizuri hapa. Gumato aliyajua yaliyotokea, wala hayakuwa magumu kuyajua. Salamu ambazo Adano alikuwa akizimeza kila siku zilibidi ziende mahali, zikaenda kwenye chuma. Lakini Galma alikuwa mchumba wa Asli, binti wa Mzee Kalla, na Kalla alikuwa mtu wa masikio marefu. Mjane mwenye mwana mmoja anaogopa hata kukohoa vibaya.

"Kata kamba unyamaze," alisema.

Fora ni kambi ya ng'ombe, mbali na nyumba, na vijana wa fora hawana la kufanya jioni ila kuchokozana.

"Galma, mkweo huyo anakusalimu! Mjibu basi, atakasirika."

"Aoe huko kwa tumtu. Asli tuachie sisi, tutajua la kumfanya."

Siku moja waliacha mzaha wakajadiliana kama salamu ya kisu ni lazima ijibiwe. Mmoja alisema kisu hakiswali. Mwingine alisema anayesalimu si kisu, ni Adano. Hawakumuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, ingawa alikuwa karibu, kwa sababu walijua atakavyojibu.

Maneno yakamfikia Kalla. Hakukasirika. Alikwenda kwa Mohdhar akachukua kile kisu chekundu, akampa Tahir, rafiki wa Galma, aliyekuwa amekuja mjini kutafuta chumvi. Tahir akapitia kwa Gumato.

"Mama, Mzee Kalla anasema hiki hakina maneno. Nimpe Galma?"

Gumato alikifungua, akakifunga. Kilikuwa kimya kweli. Alimkumbuka mumewe alivyoletwa, mguu umevimba na kamba bado iko juu yake. Kisha akaikumbuka harusi.

"Mpe. Kiunoni avae cha mkwewe. Cha Adano akikunje kwa kitambaa, akitie chini kabisa ya mkoba, kisije kikafunguka mbele za watu."

"Lakini mama, si kisu kama hiki ndicho..."

"Nenda, mwanangu. Jua linapanda."

Mvua zikanyesha huko bara, Mto Tana ukafura. Siku ya kuvusha ng'ombe upande wa Kulesa, Tahir alikuwa ukingoni, na ndiye aliyekuja kumweleza Gumato. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu anayetaja ng'ombe waliovuka. Kamba ya ndama ilimzonga Galma mguu, ikanasa kwenye gogo lililozama. Galma alitoa kile kisu chekundu. Matope yalikuwa yameingia pale kinapokunjwa. Alijaribu kwa kucha. Akajaribu kwa meno. Mkoba wake ulikuwa juu ya punda, ukingoni, mkavu.

"Cha Adano tulikisikia," alisema Tahir. "Kilifunguka chenyewe humo ndani ya mkoba, kikawa kinasalimu, kinasalimu tu."

"Nani alikwenda kukichukua?"

Tahir aliangalia vidole vyake vya miguu. "Mzee Kalla alikuwapo, mama."

Kalla alileta fahali wa matanga, akasema Galma alikuwa kijana mwenye adabu. Asli aliposwa kwingine. Visu vyekundu vya Mohdhar vilikwisha, akaagiza vingine. Kina mama walivipenda kwa utulivu wake.

Gumato akabaki. Nyumba ile ya mikeka ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa imemzidi. Mwanzoni watu waliingia kumpa pole. Baadaye wakawa wanaita kwa nje. Baadaye wakapita, kwani mjane asiye na mwana naye hupitwa. Mkoba wa Galma ulining'inia pale ulipotundikwa siku ulipoletwa.

Asubuhi moja alihitaji kukata ukambaa. Akakitoa kisu kwenye kitambaa, akakifungua.

"Assalamu alaykum."

Gumato alitazama mlangoni. Akainuka, akaushusha mkeka wa mlango, akarudi kuketi.

"Waalaykumu ssalaam," alisema, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto asiamke.

Kule mwisho wa mji mivukuto ikanyamaza. Waliokuwa wakipita wanasema Adano aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa kwa jina, akakaa hivyo kidogo, kisha akaendelea kufukuta.

Tangu hapo kila asubuhi Gumato hushusha mkeka, hufungua kisu, husalimiwa, hujibu, hukifunga. Majirani wanaosikia sauti mbili humo ndani husema anazungumza na mwanawe, wala hawaoni ubaya. Marehemu huruhusiwa kujibiwa.

Halafu huchukua mtungi, kwenda mtoni. Njia inapita kwa Adano.

"Nagaa, mama Galma."

Siku hizi, akishasema, Adano husubiri. Husimamisha mkono juu ya mivukuto, kwa kuwa sasa anaijua sauti anayoingojea. Nyuma ya Gumato wanakuja wanawake wa kwa Kalla na mitungi yao, wakicheka.

Gumato hutazama chini, kama mtu aliyeangusha kitu, akapita.