Mahali Alipoelekezwa Eladio

Uongo ulimtoka Nazareno mdomoni kabla hajamaliza kumeza biskuti.

Ilikuwa Mei, wiki ya tatu tangu wamzike mke wa Eladio. Wawili hao walikuwa jikoni kwa Eladio wakinywa ile chai chungu ya majani iitwayo mate, wakipokezana kibuyu chake kama walivyofanya tangu ujana wao. Eladio alikuwa muoka mikate. Miaka arobaini aliingia kazini saa nne usiku na kutoka saa mbili asubuhi, akalala mchana kutwa, na mto Parana unaopita hatua chache kutoka kwake alikuwa akiusikia tu. Sasa amestaafu, mke hayupo, na siku zimekuwa ndefu hajui azipeleke wapi.

"Mnene, nisikilize," Eladio akasema. "Binti yangu Graciela anataka niuze nyumba nihamie kwake Kordoba. Amenipa mpaka mwisho wa Septemba. Nimemwambia, nikipata kitu cha kunishika hapa Rosario, siendi ng'o. Basi nifundishe kuvua. Wale armado wako unawatoa wapi?"

"Saladillo," Nazareno akajibu. "Nyuma ya kile kiwanda cha nyama kilichofungwa, kwenye ukuta wa mawe uliobomoka."

Lo! Kwenye ule ukuta hapakuwa na samaki. Pana tope la magotini, na maji yamesimama tu. Armado, wale kambare wanene wenye miiba ubavuni, Nazareno alikuwa akiwatoa upande wa pili kabisa wa mji, chini ya maghala ya nafaka, katikati ya nguzo mbili za gati la zamani.

Tusimwonee lakini. Wavuvi wa ukingoni Rosario wote ndivyo walivyo. Ukimuuliza mtu ametolea wapi samaki wake atakutajia kusini ikiwa ni kaskazini, atakutajia daraja ikiwa ni bomba, na wewe utaitikia kwa adabu huku ukijua amekudanganya, na kesho yake akikuuliza utamlipa vilevile. Hakuna anayenuna. Baba yake Nazareno alikufa bila kumwambia mwanawe wa kumzaa alikokuwa akivulia. Na mahali pa armado si pa kuokota njiani. Unaloweka mahindi siku tatu mpaka yachache, unakwenda kuyamwaga palepale kila siku alasiri, mwezi mzima, mvua inyeshe isinyeshe, mpaka samaki wazoee. Ukiwaacha siku mbili wanahama. Mtu akishahangaika hivyo, mdomo wake unajifunga wenyewe.

Shida ni kwamba Eladio hakuwa mvuvi. Eladio aliuliza swali, akapewa jibu, akaliamini. Na kwa nini asiamini? Yeye ndiye baba wa ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Nazareno.

Kesho yake akanunua fimbo ya kuvulia, ndoo na kiti cha kukunja, akapanda basi mpaka Saladillo. Nazareno alipopata habari alijisemea, kesho nitamrekebisha. Kesho ikaja na mvua. Keshokutwa akaona aibu. Wiki ilipopita aibu ikawa kubwa zaidi, maana sasa angelazimika kueleza na ile wiki.

"Wewe Nazareno, una roho ya namna gani?" mkewe Nélida akamuuliza. "Mwanamume amefiwa! Mpeleke kwenye hilo shimo lako, mvue pamoja, litapungua nini?"

"Nafasi ni ya fimbo moja."

"Ya fimbo moja! Mto wenyewe huoni ng'ambo, nafasi ya fimbo moja!"

"Mama, hujui uvuvi."

"Sijui uvuvi, lakini nakujua wewe."

Kila Jumatatu Eladio alikuja kwao na pua nyekundu kwa baridi, akiomba ushauri. Na Nazareno, hili ndilo la ajabu, alimfundisha kila kitu kwa moyo safi kabisa. Alimfundisha kufunga ndoano, kupanga risasi za kuzamisha kamba, kuloweka mahindi, kusikiliza kamba kwa kidole cha shahada. Alimpa ndoano zake mwenyewe, zile nzuri. Alichomficha ni mahali tu. Usiku akijihesabia wema wake aliona amefanya mengi.

"Leo tena bila bila," Eladio alikuwa akisema.

"Uvumilivu, Mwembamba. Uvuvi ni uvumilivu."

"Haya, nitavumilia."

Huko dukani kwa Cacho, muuza chambo, Eladio alikuwa keshageuzwa kichekesho cha mtaa. "Jamani, yule muoka mikate bado anangoja tope lake liive?" Cacho akauliza siku moja, na wavuvi wote wakaangua kicheko. Nazareno naye akacheka. Alicheka kwa sauti, tena mpaka akashika meza, asije akaonekana ndiye aliyempeleka. Akatoka dukani pale roho inamuuma, akatembea mpaka nyumbani bila kile chambo alichokifuata.

Julai akatoa armado wa kilo sita. Akakata nusu, akaipeleka kwa Eladio ikiwa imefungwa gazetini. Eladio akaipokea, akaitazama kwa muda.

"Wa kule kule?" akauliza.

"Wa kule kule," Nazareno akasema.

"Basi wapo," Eladio akasema, akakipeleka kipande jikoni.

Nazareno alirudi nyumbani hajijui hajitambui. Angeweza kusema pale pale. Neno moja tu! Lakini alifikiria nguzo zake mbili, akafikiria Eladio akimleta shemeji, na shemeji akimleta jirani, na kufikia mwaka mpya wamejazana pale kama harusini. Alasiri akaenda kumwaga mahindi yake.

Agosti ikapita hivyo hivyo. Septemba, siku ya Alhamisi, Graciela akampigia Nélida simu: nyumba imepata mnunuzi, anakuja Jumamosi na gari kumchukua baba yake. Nélida akakata simu, akamgeukia mumewe.

"Unaenda leo, au niende mimi nikamwambie nimeolewa na nani."

Akaenda. Basi lilimshusha karibu na kiwanda, akapita kwenye uwazi wa ukuta, akashuka mawe. Eladio alikuwa amekaa kwenye kiti chake, koti mpaka masikioni, chupa ya maji ya moto miguuni. Kamba ilikuwa majini.

"Mwembamba," Nazareno akaanza. "Hapa hakuna samaki. Hapajawahi kuwa na samaki. Nilikudanganya."

"Najua," Eladio akasema.

Akazungusha kamba taratibu mpaka ikatoka yote. Mwishoni kulikuwa na risasi tu. Ndoano haikuwepo.

"Siku ya tatu tu alipita mwanamke mmoja na mbwa wake," akaendelea. "Akaniambia, mzee, hapa hata chura amehama. Nikamjibu kwamba rafiki yangu anavulia hapa. Akanitazama kwa huruma, akaenda zake. Tangu Juni sifungi ndoano. Za nini?"

"Sasa, kwa nini uliendelea kuja? Na baridi yote hii!"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Nazareno akatafuta pa kukaa, akakosa, akabaki amesimama.

"Nilijiambia, Mnene si mtu mbaya. Imemponyoka tu, atakuja kunitoa. Nikawa nakuja ili siku ukija unikute. Nilidhani itakuwa wiki moja. Ulipoleta yule samaki nikasema leo ndiyo leo. Nikakuuliza, nikakufungulia mlango kabisa."

"Nisamehe, ndugu yangu. Twende sasa hivi. Nitakuonyesha, ni chini ya maghala, kwenye gati la zamani. Tutavua pamoja kila siku. Mwambie Graciela asije. Mnunuzi mrudishie pesa zake!"

Eladio akakunja kiti. Alikikunja vizuri, akakifunga mkanda wake, hana haraka yoyote.

"Umekuja leo kwa sababu naondoka," akasema. "Mtu anayeondoka hawezi kukuchukulia mahali pako. Ningekuwa nabaki, ungekuja?"

Jamani, swali lile! Nazareno akafungua mdomo aseme ndiyo, maana uongo kwake ulikuwa kama kupumua. Lakini safari hii alijiangalia ndani kwanza, akaliona jibu, na jibu lilikuwa baya. Akafunga mdomo. Eladio alingoja kidogo, akatikisa kichwa, akapanda mawe na ndoo yake.

Jumamosi Nazareno alikwenda kuaga, kwa kuwa kutokwenda kungekuwa vibaya zaidi. Gari lilikuwa mlangoni, limejaa masanduku na godoro juu. Graciela alimkimbilia, akamkumbatia kwa nguvu, macho yamemlowa.

"Anko Nazareno, sijui nikushukuru vipi! Baba kila siku kwenye simu ilikuwa ni uvuvi tu. Nazareno kanifundisha hiki, Nazareno kanipa ndoano zake. Mama alipokufa nilidhani naye tungemzika kabla ya Agosti. Wewe ndiye uliyemfikisha hapa."

Nazareno akamtazama Eladio juu ya bega la binti yule. Eladio alikuwa amesimama kando ya gari, ameyasikia yote. Hakutabasamu wala hakukunja uso. Alimwacha Nazareno ashukuriwe.

"Si kitu, mwanangu," Nazareno akasema.

Alipoachiwa na Graciela akageuka ampe Eladio mkono, lakini Eladio alikuwa keshaingia garini na kufunga mlango.